Somo la Ange Bila Simu

Kasulu Mjini,
Kigoma.
14 Mei 2025

Mpendwa Mama Mdogo Tunu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini mvua za huko Tanga hazijakusumbua sana. Sisi wazima, ila baridi ya huku imemrudishia mwanangu Hamis kikohozi.

Mama, nakuandikia wewe kwa kuwa ulifundisha miaka mingi, na hapa chuo cha ualimu sina wa kumweleza hofu yangu. Siku hizi wanachuo wanaiomba akili bandia ya kwenye simu iwaandikie insha. Muhula huu niliwataka waeleze watakavyofundisha kugawanya katika shule ya kijijini. Ange Ndayikunda, binti wa Kitahana, akaleta kazi nzuri mno, ila ndani yake kila mtoto ana kompyuta. Shule aliyoitaja naijua. Watoto wanakaa chini.

Nilimwita. "Ange, kompyuta hizo zimefika lini?"

Akainamisha kichwa. "Mwalimu, niliandika yangu kwanza. Nikaona imejaa maneno ya Kiha cha nyumbani, nikaogopa kuchekwa. Nikaiambia simu initengenezee, wala sikuisoma tena."

Mkuu wa chuo alitaka afukuzwe ili wengine waogope. Nikaomba kwanza afundishe somo hilo mbele ya wenzake, bila simu. Niliogopa kuliko yeye, maana angeshindwa tungeaibika wote wawili. Aligawa maharage kwa vikundi, akauliza, akakosea, akajirekebisha. Mkuu akasema abaki, ila insha airudie.

Tangu hapo simu sizuii. Rasimu wanaandikia darasani, na anayeitumia nyumbani aje anieleze imemwambia nini na yeye amekataa nini. Wengine wanaeleza vizuri. Wengine wananitazama tu, na mwakani hao watakabidhiwa watoto wa watu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Halafu ni wengi, sauti inanikauka kabla sijawamaliza.

Juzi Venanti, kijana mpole, aliuliza kwa adabu: "Mwalimu, na maswali haya ya jaribio umeyatunga mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, na ni kweli. Lakini darasa zima lilikuwa linanikagua usoni kama ninavyowakagua wao. Nikachukua chaki, nikawaonyesha nilivyolitunga swali la kwanza tangu mwanzo. Sijui kama waliniamini.

Nisalimie Baba Mdogo Nurudini na dada Mwajabu. Mwenyezi Mungu akupe afya, nawe usiache kuniombea.

Mwanao anayekupenda na kukukumbuka,
Safina