Bamba la Jina la Babu

Butimba, Mwanza
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Selina,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na magoti bado yanakufikisha kanisani. Najua simu huisikii tena, ndiyo maana naandika. Mjukuu wako Winnie akusomee taratibu. Sisi tupo, ila nyumba imepoa.

Shangazi, Baba, mdogo wako Shimba, amekatwa mguu wa kulia, juu ya goti. Kisukari kilishakula vidole, na madaktari wakasema tukichelewa tena tutamzika.

Siku ya kulazwa alikataa kwenda hospitali mpaka nimpeleke kwanza kwenye ile bustani ya zamani ya jiji, kando ya ziwa. "Nataka nikamuage Baba nikiwa na miguu yangu yote," alisema. Nikamfunga kidonda, akaegemea bega langu, tukaenda.

Saa ya mnara wa langoni imekufa. Jukwaa la bendi limebaki nguzo tu, bati limeezuliwa. Hapo Baba alipumzika, akanisimulia ulivyokuwa ukicheza na marehemu mumeo hadi viatu vikakatika. Akacheka. Sijamsikia akicheka tena tangu hapo.

Tukazunguka bwawa, siku hizi limekauka, hadi kwenye mnara wa askari. Unajua mwenyewe: Babu alipelekwa vitani Burma, Baba akiwa bado tumboni, hakurudi, na jina lake kwenye lile bamba la shaba ndilo kaburi pekee tulilo nalo. Shangazi, bamba halipo. Yamebaki matundu ya skrubu na makovu ya patasi.

Mama mmoja anayefagia humo alitupa pole. "Waliling'oa wakati wa masika, mzee wangu. Wauza vyuma chakavu hao. Hapo limeshayeyushwa, pengine limekuwa koki ya maji."

Baba alipapasa lile jiwe mahali jina lilipokuwa, akapapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akasema, "Nipeleke wakanikate." Tulipofika hospitali damu ilikuwa imejaa kwenye kiatu, wala hakuwa amelalamika.

Wahusika wa bustani wameniambia watafuatilia. Sitarajii kitu.

Kidonda kinakauka vizuri, manesi wameridhika. Ila Baba hali chakula, analala ameuelekea ukuta. Jana alinishika mkono ghafla.

"Selina alimwona. Mimi sikumwona. Muulize yeye, Baba alikuwaje."

Shangazi, ni wewe tu uliyebaki unayeijua sura ile. Najua ulikuwa mdogo. Hata kidogo kinatosha: mwendo wake, sauti yake, alivyokuwa akikubeba. Winnie aandike unavyosema, asipambe. Nami naomba usikawie, maana sioni kama Baba ana muda mrefu.

Mume wangu Ngosha anakuamkia. Nisalimie Winnie na Josephat wake. Mungu akutunze, akuachie kumbukumbu zako.

Mwanao anayekupenda,
Odeta