Nilitamka Kaburini kwa Utani, Mikorosho Ikaungua Kweli

Mpendwa Mama Severina, shikamoo. Mimi ni Mjomba Faruku wa huku Nanganga, na ukilitaja jina hilo kuanzia Ndanda mpaka Newala utaonyeshwa nyumba, maana mimi ndiye niliyewahi kumfukuza chui kwa kandambili, moja mguuni na nyingine mkononi, na chui yule hajarudi mpaka leo. Shule niliishia darasa la tano lakini mambo mengi nayajua, isipokuwa hili moja limenikosesha usingizi, nami naomba unishike mkono kabla ya Jumatatu.

Nina binamu yangu anaitwa Barnaba, mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu, na mashamba yetu yanapakana. Baba yake alipofariki mwaka huu nilifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa, nikajilaza kaburini kabla jeneza halijashushwa, nikasema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo, na Barnaba akinipa kuku jike nitamchomea mikorosho yake yote abaki anauza majivu. Watu walicheka, hata Barnaba alicheka na machozi yake, akasema, "Mtoeni huyo, marehemu hatapata usingizi kwa maneno yake." Nikapewa kuku jike, nikatoka, tukazika vizuri.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa shambani kwangu nawinda panya, wale wa kubanika, wakaingia shimoni kwenye majani makavu, nikawasha moto kidogo ili watoke, upepo ukageuka, na mimi upepo huwa nauelewa kuliko watu wa hali ya hewa, lakini ule ulikuwa na mambo yake, moto ukaruka mpaka kwa Barnaba, na mikorosho ilikuwa imeshaanza kutoa maua. Niliupiga kwa matawi mabichi mpaka mikono ikababuka, ukanishinda, nikapita njia ya nyuma nikaenda kwa dada yangu Newala, nikasema nimekuja kusalimia.

Niliporudi, kijiweni watu wakawa wananitazama. Anthony fundi baiskeli akaniuliza, "Mjomba, kumbe ile ya kaburini haikuwa utani?" Mama Severina, niseme nilikuwa nafukuza panya? Mimi, mtu wa chui? Nikamjibu, "Mimi nikisema, nimesema." Nikaletewa chai bila kuagiza.

Mke wa Barnaba, Oliva, ametoka Singida, utani wetu wa makaburini hajauzoea. Amekwenda kituoni akaeleza ya kaburini na ya kijiweni, na askari ameniita Jumatatu nikatoe maelezo, anasema hiyo ni kuchoma mali kwa makusudi na watu hufungwa miaka mingi. Barnaba mwenyewe alikuja mlangoni, nikampa kigoda hakukaa, akaniuliza, "Faruku, niambie mwenyewe. Ulikusudia?" Nikamjibu, "Ungenipa jogoo tusingefika huku." Akaondoka bila kucheka, na tangu utoto wetu sijawahi kumwona mtani wangu akikosa kucheka.

Niseme siku ile nilikuwa Newala tangu asubuhi? Au niseme nilikusudia, jina langu lisianguke? Sheria inaangalia nini, moyo au moto?

Mjomba Faruku, Nanganga.

Marahaba, Mjomba Faruku. Huyo chui tumwache huko aliko.

Sheria inaangalia vyote viwili. Kwa kosa la makusudi, moto peke yake hautoshi. Lazima ionekane kwamba ulitaka mikorosho ile iungue. Lakini moyo wako hakuna wa kuufungua akachungulia, kwa hiyo mahakama itautafuta katika uliyosema na uliyotenda, kabla ya moto, wakati wa moto na baada yake. Ya kaburini hayanitishi. Ilikuwa kazi yako, na waombolezaji wote wanaweza kusema hivyo. Ya kijiweni ndiyo yanayokuzamisha. Pale hapakuwa na msiba wala mtani, ulikuwa wewe tu, unajivika kosa ambalo hukulitenda ili uletewe chai. Mtu asiyekujua akiyaunganisha na safari yako ya Newala atamwona mchomaji aliyetoroka. Na Oliva usimnung'unikie. Alisikia mtu mzima amesema, akamwamini.

Ukidanganya kwamba hukuwepo, ukigundulika hata ukweli wako hautasadikiwa tena. Ukweli huo nao si msafi, nikuambie mapema. Kuwasha moto kiangazi bila kulima ukanda wa kuuzuia ni uzembe, na kwa uzembe utawajibika. Lakini mzembe na mchomaji hawahukumiwi sawa. Beba lako, usibebe la mwingine kwa sababu tu linasikika kubwa.

Nenda Masasi umwone msaidizi wa kisheria, ushauri wao ni bure, umweleze kila kitu, na safari ya Newala pia. Jumatatu eleza hivyo hivyo, onyesha hiyo mikono, omba wakaone shimo lilipo, na maelezo yako usomewe kabla hujatia saini. Pita na kijiweni, umwambie Anthony mbele ya wale wale kwamba ulijisifu uongo. Watakucheka. Utazoea.

Ila kabla ya hayo yote kuna Barnaba. Alikuuliza swali lile lile ambalo askari atakuuliza, na hakuja kama mtani, ndiyo maana hakukaa. Nenda kwake leo. Mwambie, "Sikukusudia, lakini ni mimi," kisha unyamaze mpaka yeye aseme, hata kama ni kitambo. Akikuruhusu, kesho yake shika panga mkakate matawi yaliyokufa, mikorosho mingine itachipua.

Na panya uwataje, kwake na kwa askari. Chui hawezi kukutetea, wao wanaweza.