Jua la Mwanaima

Nasra uko? Nimejifungia choo cha walimu kwa hasira.

Mwalimu Haruna leo kafundisha jua na dunia. Akauliza jua linazama wapi. Darasa zima: ziwani!

Mwanaima, yule binti mkimbizi aliyevuka kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu linachomoza ziwani."

Haruna akamwambia, "Wewe huna kwenu."

HUNA KWENU! Mtoto wa watu! Darasa likaangua kicheko. Na mimi mwalimu wa mazoezi ya kufundisha nimekaa nyuma kama gogo.

Halafu akageukia ubao, wala hana habari, akaandika: Zamani watu walidhani jua linaizunguka dunia, kwa sababu kila mtu aliona alipo yeye ndipo katikati.

Mwanaima akafuta machozi, akanakili.