Nilimchungulia Padre Akisali

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo hili nimelibeba tangu mavuno ya mpunga na hapa misioni sina wa kumwambia. Mimi naitwa Yosefu Dhadho, Mpokomo wa karibu na Kau, nina miaka kumi na tisa, miwili kati ya hiyo nimekaa kwa Padre wetu nikisoma Kilatini na kujitayarisha kwa upadre, na baada ya wiki tatu kuna chombo kitakachonichukua kutoka bandarini Kipini kunipeleka seminari, nami sijui nipande au nisipande.

Padre alituagiza sisi wanafunzi wake kila alfajiri tukae kimya mbele ya Sakramenti nusu saa, tusali kwa moyo, si kwa mdomo tu. Vizuri. Lakini nakaa, nakaa, sisikii kitu, na nikueleze kwa nini nilitazamia kusikia. Kwetu wazee wana ngadzi, ngoma yao kuu, imefichwa msituni, na sisi ambao hatujaingizwa hatuioni, twasikia ngurumo yake tu tukiwa tumejifungia ndani, na mtu akitaka kuijua hupanda daraja moja baada ya jingine, kila daraja na karamu yake, mpaka siku wazee watakapomwonyesha. Baba yangu, Mzee Komora, ni mmoja wao, na tangu utotoni kila nikimuuliza kuna nini huko, alinijibu, "Ngoja zamu yako." Basi nilipoona Padre anafungua kile kisanduku cha altareni kinachotunza Sakramenti kwa ufunguo, na pazia, na kupiga goti, na nikaambiwa upadre nao una madaraja madogo na makubwa, nikajiambia, aa, kumbe ni kama kwetu! Sala tuliyofundishwa sisi ni ya watu wa nje, ile ya kweli nitaonyeshwa siku nikipakwa mafuta ya upadre.

Hamu hiyo ilinila, Mshauri. Sikuweza kungoja zamu. Wiki jana niliamka kabla ya kengele, nikaenda nyuma ya kanisa, nikapanua makuti ya ukuta kwa vidole viwili, nikachungulia. Padre alikuwa peke yake. Nikasema leo ndiyo leo. Nikaona nini? Mzee mwenye homa amejifunga blanketi, amekaa juu ya kasha, rozari mkononi, anapiga mbu shingoni. Akasema Pater noster, Baba Yetu ya Kilatini, ile ile niijuayo mimi, akanyamaza. Akasinzia, akashtuka, akajikuna, akanyamaza tena. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi, na hapakuwa na sauti wala mwanga, hakuna! Kisha akainuka akaenda kupiga kengele.

Sasa ama anaificha siri hata akiwa peke yake, ama siri haipo, na kama haipo, nimemwacha baba yangu kwa kitu gani? Juzi alikuja kwa mtumbwi akaniambia mchele wa karamu yangu umeshatengwa, nirudi nikaingie daraja la kwanza. Mama analia tu. Niambie wewe uliye padre: siku ile ulipopakwa mafuta ulionyeshwa nini?

Yosefu Dhadho

JIBU

Yosefu mwanangu, pale pa mbu nilicheka, nisikudanganye, ila barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza nikugombeze. Kumchungulia mtu akisali ni utovu wa adabu, na wajua fika ungefanywa nini kwenu ungechungulia ngadzi. Heshima unayowapa wazee wa baba yako, mbona umemnyima Padre? Leo hii, kabla hujala, nenda kwake umwambie, "Baba, nilikuchungulia." Usizunguke.

Sasa swali lako. Siku ile nilionyeshwa namna ya kushika kikombe nisimwage. Basi. Hakuna aliyenivuta kando kuninong'oneza, na nilingojea kunong'onezwa, maana nami nilikuwa mdadisi kama wewe; nikangoja mwaka mzima mpaka nikakasirika. Kile kisanduku hufungwa kwa heshima, na kilichomo ndani, ule mkate mtakatifu, unawekewa ulimini kila Jumapili. Nani amekuficha nini?

Wewe uliiona sala yenyewe, Yosefu, ukaiita si kitu! Mzee ana homa, anasinzia, mbu wanamla, hasikii chochote, hajui kama yuko mtu anayemtazama, na bado alifika pale kabla ya kengele. Naona wivu, kweli. Mimi nikiwa na homa hubaki kitandani.

Ukishaungama, mwombe ruhusa ukae naye ndani alfajiri zote zilizobaki. Sali kwa Kipokomo, lugha ya mama yako, Kilatini kiachie Misa. Chukua maneno machache tu ya Baba Yetu, yakutoshe asubuhi nzima. Ukisinzia, amka uendelee. Ukikasirika, mwambie Mungu umekasirika, naye hatashangaa. Na umuulize Padre hufanya nini akikuta kimya, umsikilize vizuri, maana sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza.

Baba yako usimkimbie. Nenda nyumbani, kaa naye chini, umwambie waziwazi kwamba huendi kutafuta ngoma kubwa kuliko yake. Kama moyoni hicho ndicho unachokitafuta, chombo kisikuchukue. Seminari itakuchosha ndani ya mwezi mmoja. Lakini ukikaa wiki hizo tatu bila kusikia lolote, na kila asubuhi ukajikuta bado wataka kurudi pale mbele ya Sakramenti, basi funga mzigo wako upande. Ukiona hapana, rudi kwenu ulime mpunga wako kwa amani, hutakuwa umemkosea Mungu, na mimi nitakuandikia barua ya kumtuliza Padre.

Nami uniombee, mwanangu. Leo alfajiri nilikaa saa nzima, sikusikia kitu, na kesho nitakwenda tena.