Mkojo Uliopimwa Ulikuwa Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini kwanza nishukuru, maana mume wangu Osmund alirudi Songea kutoka Dar kokeni imemmaliza kabisa, leo ana miezi mitatu ya tiba na mashavu yamerudi, na yote ni kwa sababu ya nesi Hilda, ambaye kila Jumatatu humpa kikopo cha kupimia mkojo na hajawahi hata siku moja kumwita teja, Mungu ambariki mama yule. Sasa jumuiya yetu hapa Ruhuwiko ikatangaza ibada ya shukrani nyumbani kwetu Jumapili hii, mbuzi keshafungwa uani, mama mkwe kaalika hadi ndugu wa Hanga, na Jumatatu iliyopita asubuhi Osmund akaniambia, "Mama Leo, Ijumaa niliteleza," akalia, mimi nikawaza aibu hii nitaiweka wapi, nikakojoa kwenye chupa, akaificha kwapani, majibu yakatoka safi, nesi akampigia makofi na kusema kuanzia sasa aje mara moja kwa mwezi. Osmund ananishukuru eti nimemwokoa, ila chakula hagusi, na simu ikiita anatoka nje. Nifanye nini?

Mama Leo, Ruhuwiko

Marahaba, Mama Leo, na pole. Asante kwa kuandika mapema. Ila umekosea, tena sana! Nesi kampima nani? Wewe. Haya hongera, hutumii kokeni! Mgonjwa je? Mwezi mzima hakuna atakayejua kama anapona au anakwisha, kisa mbuzi!

Kile kikopo si mtego, mama. Nesi akijua mumeo kateleza hamfukuzi, anamshika mapema. Wengi huteleza, kinachowamaliza ni kuficha. Halafu Osmund alikwambia mwenyewe, hakubanwa na mtu. Wangapi wanaweza hivyo? Una mume wa kushukuriwa, wewe.

Basi msingoje mwezi. Kesho asubuhi nendeni wote wawili, yeye aseme la Ijumaa, wewe useme la chupa, na aombe kurudishwa kila wiki. Mama mkwe aambiwe na ninyi kabla wageni hawajafika. Mbuzi achinjwe, ibada iwepo, miezi mitatu si mchezo.

Na kikopo ajaze mwenyewe. Mkojo ukitoka safi, mshukuruni Mungu. Ukitoka mchafu, mshukuruni vilevile, maana safari hii utakuwa wake.