Nilisema "No" Mara Tatu, Bi. Hrubá Akasikia Ndiyo

Kwako Shangazi Morag wa safu ya ushauri,

Naomba msaada wako, na naomba kwanza uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, kwa maana ninaandika juu ya jambo ambalo siwezi kumweleza mtu yeyote ndani ya nyumba tunamoishi, kwa sababu wote waliomo wananisifu kwa ajili yake.

Mimi ni Isla Crombie, mzaliwa wa Oamaru, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, mhitimu wa sayansi ya kompyuta, na kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa programu ya simu inayosikiliza lugha moja na kutamka nyingine. Baba yangu, Alasdair, amefundisha fizikia miaka ishirini na mmoja, na mwaka huu shule yake ilimpa mwaka mzima wa mapumziko. Naye, badala ya kupumzika, alitukusanya, Mama, mimi na mdogo wangu Fergus mwenye miaka kumi na mmoja, akatuleta Ulaya tukae miezi mitatu mitatu mahali pamoja, tusikimbizane na makumbusho bali tuishi kama wanavyoishi wenyeji, nami nikaandamana nao kama mkalimani wa familia, cheo ambacho, nakiri, nilikipenda kuliko nilivyopaswa.

Sijui, Shangazi, kama umewahi kusafiri na mtu anayeweza kusimama robo saa mbele ya dirisha, si kwa ajili ya mandhari, bali kwa ajili ya dirisha lenyewe. Kila asubuhi baada ya chai, kila mmoja wetu hutakiwa kuandika aya moja juu ya chombo alichokitumia jana yake. Baba aliandika juu ya kitasa cha dirisha la huku, ambacho ukikizungusha upande dirisha hufunguka kama mlango, na ukikizungusha juu hulala ndani kidogo, likaingiza hewa na kuzuia mvua, na akamaliza kwa kuuliza ni nani aliyeketi siku moja akawaza jambo jema kiasi hiki halafu hakuandika jina lake popote. Fergus aliandika juu ya vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo za kijiji hiki cha Moravia, katikati ya Ulaya, ambavyo kila Jumatano saa sita mchana hupiga matarumbeta, kisha hutangaza nani amefariki, maji yatakatika lini, na mwuza kuku atafika saa ngapi. "Kijiji kizima kina simu moja," aliandika, "na hakuna anayeweza kuizima." Baba aliisoma aya hiyo kwa sauti mara mbili. Na kwa amri yake, kuanzia chakula cha mchana hadi saa kumi, simu zote hulala ndani ya mfuko wa vibanio vya nguo, hata yangu, hata kama mimi ndiye mkalimani.

Programu yangu imetutumikia, ingawa nikiwa Slovenia iliwahi kumwambia mwoka mikate kwamba Baba anaomba kuokwa, na tangu siku hiyo Fergus hasemi "programu", husema "Baba kwenye tanuri". Lakini ndiyo iliyonipatia kazi, Shangazi, kazi ambayo nimeiota tangu mwaka wa kwanza chuoni, katika kampuni moja ya Wellington, huko nyumbani kwetu, nianze wiki ya pili ya Novemba, nao wanataka jibu langu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Mama mwenye nyumba yetu ni Bi. Hrubá, mjane wa miaka sabini na minne, anayeishi chini nasi tukiishi juu. Hajui Kiingereza hata neno moja, na nimewahi kumwona akipanga kuni kwa unadhifu ambao sikuuona kwenye maktaba ya chuo chetu. Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, simu yangu ikiwa mfukoni pamoja na vibanio, aliniita jikoni kwake nikiwa peke yangu, akanikalisha, akaniwekea madonge ya unga yaliyofichwa plamu ndani na kunyunyizwa jibini na siagi, nikala saba, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Alionyesha jiko la kuni, akaonyesha ngazi za kwenda ghalani chini, akagusa nyonga yake, akanitazama, akauliza kitu. Mimi, kwa kuwa sufuria lilikuwa katikati yetu na bado lilikuwa na madonge, nilidhani ananiuliza kama naongeza. Ningeweza kupanda ngazi kumi na nne nikaichukua simu. Ningeweza kumwita Mama. Lakini niliona aibu, mimi mkalimani, nikiwa na mwezi wa tatu katika nchi hii, nionekane sijaelewa swali la mezani, nikatabasamu, nikaweka mkono tumboni, nikasema, "No, no, no!" Naye akaziba mdomo kwa aproni, akalia, akanikumbatia hadi kiti kikalia. Niliwaza kwamba huku watu huthamini sana kushiba kwa mgeni.

Jumatano saa sita tulikuwa tukinywa supu, matarumbeta yakapigwa, na katikati ya tangazo tukasikia "Krombiova", yaani jina letu kama wanavyolivalisha wao akiitwa mwanamke. Haikupita dakika tano mlango ukagongwa, akaingia Radim, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi ng'ambo ya njia na anayejua Kiingereza, na chupa ya pombe ya plamu mkononi.

"Hongereni, wanakijiji!"

"Kwa lipi, Mwalimu?" Baba akauliza.

"Ah, msijifanye wageni sasa. Bi. Hrubá katangaza, nyumba haiuzwi tena, wanunuzi wasijisumbue. Mnajua mwanawe Luboš alitaka auze ahamie kwake Brno, maana alianguka kwenye ngazi za ghala msimu wa theluji uliopita, na kaambiwa hawezi kukaa peke yake tena. Basi kamwuliza Isla kama mtakaa naye mpaka theluji iishe. Na Isla kamjibu palepale, no, no, no! Mara tatu! Mimi mwenyewe ningesema mara moja."

Hapo ndipo nilipoelewa, Shangazi, kwamba neno ambalo kwetu ni hapana, kwao ni ndiyo ya jikoni, ndiyo ya kirafiki, ile ya "naam, bila shaka".

Fergus aliacha kijiko. "Dada? Huyu huyu aliyesema mtandao wa hapa unatambaa kwa magoti?"

"Nyamaza, Fergus," Mama akasema, huku machozi yanamtoka.

Baba alisimama. Alinishika bega, akasema, "Wiki tatu natafuta namna ya kulileta jambo hili mezani. Kila nikimwona anashuka zile ngazi nasema kesho. Na wewe umelijibu peke yako, na kazi yako ya Wellington ukaiweka kando. Isla, mwanangu, sijui nikwambie nini."

Nami nikamwacha aamini hivyo. Alasiri hiyo hiyo akaandika kufuta nyumba tuliyokuwa tumekodi Ureno kwa miezi mitatu iliyofuata. Mama akampigia Bibi yangu akamsimulia. Bi. Hrubá amepaka chokaa chumba kidogo cha upande wa jua kiwe changu cha kusomea. Jumapili alikuja Luboš kutoka Brno, mtu mkubwa, mkimya, aliyejifunza sentensi mbili za Kiingereza kwa ajili yangu, akanisimamisha uani akasema, "Mama anacheka tena. Asante wewe." Na Shangazi, sijapata kuona watu wema kama hawa, wangu na wao, na kila wema wao unanichoma, kwa sababu umesimama juu ya donge moja la unga ambalo sikulitaka.

Nimewaza kunyamaza na kukaa, nikaipoteza kazi. Nimewaza pia, na hili ndilo linalonitia haya zaidi, kusema kwamba programu ilinitafsiria vibaya, kwa maana kila mtu angeamini, na Fergus angecheka, na yote yangekwisha. Nifanye nini? Nikisema kweli, naogopa Bi. Hrubá atauza nyumba yake kwa ajili ya ulimi wangu. Naomba jibu lako kabla ya Ijumaa hiyo.

Wako kwa heshima,
Isla Crombie

—

Isla mpenzi,

Barua yako nimeisoma kazini, nikaenda nayo nyumbani, nikaisoma tena jikoni, na sehemu ya madonge saba nilicheka hadi paka akahama chumba. Kisha nikafika kwa Luboš uani, sikucheka tena.

Nianze na lililo jepesi. Huna haja ya kujilaumu kwa kutojua "no" yao. Watu wa kwetu Otago tunasema "ndiyo, hapana" kwa pumzi moja, mgeni anabaki hajui apite mlangoni au arudi, na kila mmoja wetu anaelewa kwamba hiyo ni hapana. Bi. Hrubá angetuuliza sisi, hadi leo asingejua kama nyumba imeuzwa au la.

Sasa lililo zito. Unaniandikia kana kwamba kosa ni neno. Si neno. Mwanamke mzee alikueleza maisha yake yote, jiko, ngazi, nyonga, nawe ukamjibu kabla hujamsikia, kwa sababu hukutaka kuonekana hujui. Huo ndio ugonjwa wako, binti, na nitakwambia bila kuremba, ni ugonjwa wa watu waliofaulu mitihani. Simu ingekuwa mkononi mwako pia usingepona, ungeitazama simu. Baba yako anaziweka kwenye vibanio ili mwangaliane nyuso. Wewe uso uliuona, ukatafsiri sufuria.

Na lile wazo la kuisingizia programu, lifute leo. Uliitengeneza kwa mikono yako, imewavusha nchi nzima nzima, na siku hiyo ilikuwa imelala gizani kati ya vibanio bila hatia yoyote. Mtu anayekwenda kutengeneza vyombo vya watu wengine hawezi kuanza kazi kwa kukisingizia chombo chake mwenyewe.

Lakini sikiliza jambo ambalo katika hofu yako hujaliona. Baba yako anasema wiki tatu alikuwa akitafuta namna ya kulisema. Mama yako alilia kwa furaha. Nyumba ya Ureno hukuifuta wewe. Ndiyo ya familia yako ipo, Isla, ni ya kweli, na haikutoka mdomoni mwako. Bi. Hrubá hakudanganywa kuhusu wao. Amedanganyika kuhusu mtu mmoja tu, na huyo mmoja anaweza kushuka ngazi kumi na nne akamwambia.

Fanya hivi. Leo hii, barua hii ikikufikia, kaa na baba na mama yako, simu zikiwa mfukoni, uwaeleze yote, hata aibu, hasa aibu. Usimruhusu baba yako akukatize kwa kukusamehe mapema. Kwa ninavyowasoma akina Crombie, watakusamehe kabla hujafika katikati. Kisha waulize wazi, na ungoje jibu: mtakaa naye mpaka theluji iishe hata mimi nisipokuwepo? Nina hakika na jibu, lakini hakika yangu haina kazi. Lazima walitamke wao.

Wakikubali, nendeni wote chini pamoja na Mwalimu Radim. Radim atafsiri, ila sentensi ya kwanza uiseme wewe, kwa lugha yake, bila mashine. Muulize Radim inasemwaje "sikuelewa, niliona aibu kuuliza". Ifanyie mazoezi mpaka Fergus achoke kukucheka. Bi. Hrubá ataumia kidogo, ndiyo. Chumba alichokipaka chokaa alikipaka kwa ajili yako, na hilo huwezi kulitengeneza, utaliomba radhi tu. Mwambie na Luboš mwenyewe, kwa sauti yako, siku hiyo hiyo. Mtu aliyejifunza sentensi mbili kwa ajili yako asije akaisikia habari hii kutoka kwenye nguzo Jumatano, kabla ya mwuza kuku.

Kisha iandikie kampuni ya Wellington kwamba unakuja. Nenda. Huna deni la kubaki. Na siku yako ya kwanza wakikuuliza umejifunza nini Ulaya, usiwasomee aya ya dirisha, ingawa aya hiyo ya baba yako ningependa kuiona gazetini. Wasimulie jikoni kwa Bi. Hrubá, kisha watengenezee kitu kinachomsubiri mtu amalize kusema.

Nafahamu kwamba mpaka Novemba una wiki chache. Zitumie kumbebea kuni kutoka ghalani. Jifunze pia neno lao la hapana, ambalo nimeambiwa ni fupi kama letu, uwe nalo tayari akileta donge la nane.

Na siku ya kuondoka, Bi. Hrubá akikusimamisha uani akakuuliza kama utarudi kumwona, usitafute simu. Mjibu kwa neno lile lile, mara tatu.

Shangazi Morag