Mama na Gunia Lake Mteremkoni

Bandarini Bujumbura, Julai 2003

Yaya Musafiri, kaka yangu wa huko Kigoma,

Paka wako amezaa tena, watatu. Baba tulimzika Jumatatu. Mama usimuulize, ataanza mwenyewe.

Sasa sikia. Ulinikataza kugusa pikipiki yako. Nimeigusa! Leo asubuhi risasi zilipoanza tena kwetu Gihosha, nilimpakia Mama, na nyuma yake kabisa nikafunga gunia la maharagwe, maana alikataa katakata kufika kwa mke wako mikono mitupu.

Mteremkoni uzito wote ukavuta nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi, na gido niliyoishika kwa mikono miwili ikaanza kupiga kulia na kushoto kama kuku aliyeshikwa miguu. Mama akalia, “Lisette, kamata freni!”

Apana! Nikakumbuka ulivyokuwa ukiwafundisha wenzako uani, mimi nikijifanya naosha vyombo: usiguse freni, usishindane na gido, punguza gesi pole pole, bana tangi kwa magoti, inama mbele. Nikalegeza mikono. Ikatulia, Yaya! Ikatulia kabisa! Tulipofika chini nikalihamishia gunia mbele yangu, juu ya tangi, na mpaka hapa bandarini haikutikisika tena.

Anayekupa barua hii ni Mama mwenyewe, akishuka melini. Mpokee gunia kwanza, atafurahi.

Mimi narudi Gihosha. Jirani yetu Mama Divin naye anangoja kuteremshwa. Pikipiki usiiulizie tena, imepata mwenyewe.

Mdogo wako asiyeanguka,
Lisette